Hesabu Iliyobaki Mlangoni

Mlango wa nyumba yangu hapa Ruiru ni wa chuma, kama milango yote ya ploti hii. Kwa nje ni wa kijani, umeanza kushika kutu pale chini maji ya kudeki yanapofika. Kwa ndani ni mweusi. Mwanangu ndiye aliyeupaka rangi hiyo alipoingia mwaka wa kwanza chuoni, na mama yake alipotoka sokoni akaona, alisema nyumba imegeuka jiko la kuni.

"Mathe, huu sasa ni ubao," mwanangu akamwambia. "Ukitaka, tutakuandikia hapo bei ya sukuma."

"Andika kwanza lini utaoa," mama yake akajibu, akaenda kumenya viazi.

Mlango unafungukia ndani, kwa hivyo ukiwa wazi ubao huo unalala ukutani na hakuna anayeuona. Lazima ufunge. Jumapili ambazo mwanangu na wenzake wa chuo walikuwa wakisoma hapa, walifunga mlango hata jua likiwaka na mabati yakilia, na jirani wa upande wa pili aliwahi kuniuliza ni kanisa gani hilo lililofunguliwa kwangu. Nilimwambia ni la umeme.

Mimi nimesoma mpaka darasa la nane. Nasema hivyo mapema ili asiwepo mtu wa kunitarajia nieleze hesabu. Nimefanya kazi katika kiwanda cha unga Thika tangu kabla mwanangu hajazaliwa: nilianza kwa kubeba magunia, mgongo ulipokataa nikapelekwa kwenye mashine ya kushona mdomo wa gunia, na hapo nipo hadi leo. Mtu wa kiwanda cha unga utamtambua hata akiwa amevaa suti ya harusi. Weupe hukaa kwenye nyusi na kwenye kona za masikio. Nilitaka mtoto wangu mmoja asiwe na weupe huo. Sikuwa na ndoto nyingine kubwa, na sikumficha. Nilipomwambia, alisema, "Baba, nitaziunda hizo mashine, sitashona nazo."

Chuoni Thika, kwenye diploma ya umeme, vijana waliowekwa pamoja hosteli moja waliunda chama chao wakakiita Undugu. Walikuwa na fulana za rangi ya damu ya mzee, walikuwa na mwenyekiti, na walikuwa na kiapo chao ambacho sikuwahi kuambiwa chote, ila najua kilimalizika kwa maneno "hakuna kuachana". Mmoja akifiwa, wote walikwenda. Mmoja akilazwa, walilala kwa zamu kwenye benchi la hospitali. Hayo yalikuwa mazuri. Lakini pia walikunywa pamoja, walikosa darasa pamoja, na matokeo yalipotoka walifeli pamoja. Mkuu wa idara aliwaita ofisini akawaambia wakiendelea kufeli kama genge atawavunja kama genge.

Ndipo mwanangu akawaleta nyumbani. Hakuwa mlevi, na hesabu zilimkubali. Hilo si sifa ya mzazi, hata wenzake walisema. Aliwaambia kama kweli hakuna kuachana, basi hata kwenye mtihani wasiachane. Wakaweka utaratibu: siku ya matokeo kila mmoja anasimama mbele ya wenzake na kusoma alama zake kwa sauti, bila kuruka hata ile inayoaibisha, na aliye chini anapewa kaka wa kumfundisha. Kwenye somo la misingi ya umeme, kaka wa wote alikuwa mwanangu, na darasa lilikuwa mlango wangu.

Wengi walikuja wakachoka. Waliodumu walikuwa watatu. Wa kwanza alikuwa mwenyekiti wao, kijana mrefu wa Githurai 45 ambaye mama yake anauza nyanya soko la wazi. Huyo alizungumza kama mhubiri hata akiomba chumvi. Wa pili alikuwa kijana Mwislamu wa hapo Thika, babake ana duka la vipuri vya baiskeli, na yeye ndiye aliyetuchekesha. Wa tatu alitoka mashariki ya Thika, kwenye mashamba makavu ya mahindi na mbaazi, familia ya kanisa sana. Alikuwa mpole, mwenye mikono mikubwa, na hesabu zilimtesa. Alikuwa amesharudia mwaka mara moja. Sheria ya chuo ni kwamba akianguka tena kwenye somo hilo, na kwenye mtihani wa kurudia pia akianguka, anarudi kwao. Tukimwita yule wa mashariki mtanielewa, maana majina yao siwezi kuyaweka hapa.

Mwanangu alikuwa na mtindo wake wa kufundisha. Alifanya hesabu ndefu mlangoni, mstari kwa mstari, na mahali fulani katikati alitia kosa kwa makusudi. Kisha aliweka chaki kwenye kikopo, akakaa, akasema, "Nimeweka nyoka." Kazi yao ilikuwa kumtafuta. Aliyemwona alipiga kelele "Nyoka!", akaenda mlangoni akalizungushia kosa chaki nyekundu, akaeleza mbele ya wote lilivyokuwa kosa. Akieleza sawasawa, yeye ndiye aliyechukua kitambaa kwenye msumari na kuufuta ubao. Hiyo ilikuwa heshima yake. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kufuta.

Siku hizo mimi nilikuwa nikitoka nje nikaketi na majirani kwenye kivuli cha tangi la maji, na kelele zao nilizisikia kupitia chuma.

"Nyoka! Huyo hapo, mstari wa pili!"

"Wapi? Hiyo ni mkia wa saba, buda, si nyoka. Nunua miwani."

"Mwenyekiti, ongea na waumini wako watulie."

"Wee wa vipuri, wewe hata nyoka wa kweli ukimwona utamwuliza ni saizi gani."

Kisha kicheko, kisha kimya kile cha watu wanaofikiri kweli, kisha sauti ya mwanangu ikisema polepole, "Angalia tena. Usiogope. Angalia tena." Hayo maneno alikuwa akimwambia yule wa mashariki. Kila Jumapili nilimsikia akimwambia hivyo, na hakuna siku niliyomsikia amechoka kumwambia.

Alama zilipanda. Si kwa kasi, lakini zilipanda. Mkuu wa idara hakuwaita tena.

Mwanangu alikufa kwa homa ya uti wa mgongo. Jumapili alifundisha, katikati ya somo akasema shingo inamkaza, wenzake wakaondoka, mama yake akampa dawa ya maumivu. Kabla wiki haijaisha tulikuwa tunachagua jeneza. Sitaeleza zaidi ya hapo. Wanaojua wanajua, na wasiojua sitaki wajue kupitia kwangu.

Undugu walikuja wote kwenye mazishi, hata wale waliokuwa wamechoka na hesabu, na fulana zao zikajaa mstari mzima kando ya kaburi. Wao ndio waliolijaza. Kule kwetu vijana ndio hushika majembe, na hawakumwachia mtu mwingine jembe hata mara moja. Yule wa mashariki alipiga jembe kama mtu anayelima shamba lake, bila kuinua kichwa.

Mke wangu hakuweza kurudi Ruiru. Alijaribu. Alilala siku chache, kila akisikia geti la ploti anasimama, halafu akaniambia anakwenda kukaa shamba kwa dada yake mpaka moyo utulie. Sikumzuia. Nilibaki peke yangu na vyumba viwili na mlango.

Na mlangoni ilikuwako hesabu. Aliiandika Jumapili ile ya mwisho. Mchoro wa betri mbili juu, mishale ya umeme, kisha mistari inayoshuka mpaka karibu na komeo, na chini jibu likiwa limepigiwa mistari miwili. Mwandiko wake ulikuwa wa kulala kidogo upande wa kulia, kama mtu anayetembea akikabili upepo. Nilijifunza kufungua mlango kwa kushika ukingo. Nilijifunza kuufunga bila kuubamiza. Mtoto wa jirani alipokuja kuomba kiberiti nilimpokelea nje ili asiegemee. Chaki hudumu kuliko watu wanavyodhani, ikiwa hakuna mkono unaoigusa.

Mwezi baada ya mazishi, Jumapili mchana, nilisikia hodi. Walikuwa wale watatu, wamevaa fulana zao, wamebeba vitabu na mkate na maziwa.

"Mzazi," mwenyekiti akasema, "tumekuja kusoma. Kama haitakusumbua."

Niliwaambia haitanisumbua. Nilifunga mlango nyuma yao kama mwanangu alivyokuwa akifunga, na ubao ukaonekana. Wote watatu wakatazama. Halafu mwenyekiti akageuza kiti kidogo, akafungua daftari lake juu ya meza, akaanza kuwaeleza kwenye karatasi.

Safari hii sikutoka nje kwenda kwenye tangi. Nilikaa ndani, kwenye kile kiti cha karibu na dirisha. Niliwapikia chai. Nilitaka kusikia. Sauti za vijana ndani ya nyumba ni kitu ambacho mtu hajui anakitegemea mpaka kikatike, na mimi nilikaa pale kama mtu anayeota moto. Kati ya Jumapili moja na nyingine nilienda kazini, nilishona magunia, nilirudi, nilikula nilichokula. Jumapili ndizo zilizonibeba.

Waliendelea kuja. Mtihani wa kurudia wa misingi ya umeme ulikuwa unakaribia na wote watatu walikuwa na wasiwasi, lakini kwa wawili ulikuwa wasiwasi wa kawaida. Kwa yule wa mashariki ulikuwa mlango wa mwisho. Mtihani wa kwanza waliufanya wiki zile zile za msiba na wote watatu wakaanguka, kama ambavyo mtu yeyote angeanguka. Wenzake wangeweza kurudia mwaka; yeye alibakiwa na huu tu. Babake alikuwa ameuza sehemu ya ng'ombe zake kumleta hapo, na kanisani kwao walimwombea kwa jina.

"Wewe hii lazima upite," mwenyekiti alimwambia. "Tuliapa. Hakuna kuachana."

"Napita, bana. Mbona unaniangalia kama maiti?"

Neno likatoka, likakaa mezani. Akanitazama. "Pole, mzazi."

"Endeleeni," nikasema.

Niliona mambo ambayo sikuyaelewa. Niliona kwamba hawakuutumia ubao. Kikopo cha chaki kilikaa juu ya kabati, vipande vyeupe na kimoja chekundu, na hakuna aliyekigusa. Wote watatu walijibana kwenye daftari moja mezani, vichwa vikigongana, aliyekaa upande wa pili akisoma mambo yamepinduka. Nilidhani wanaheshimu. Nilishukuru moyoni. Niliona pia kwamba mwenyekiti na yule wa vipuri walikaa kila mara wakiupa mlango mgongo, na yule wa mashariki alikaa akiutazama. Mara nyingine nilimwona akinakili, mstari kwa mstari, akiinua macho mlangoni na kuyashusha kwenye karatasi, kama mtoto anayeandika barua kwa kuiga. Nilipomwona hivyo nilifurahi. Nilijiambia mwanangu bado anamfundisha.

Kelele za nyoka hazikusikika tena nyumbani kwangu. Hilo pia nililiona. Nilidhani ni kwa sababu ya msiba.

Walifanya mtihani. Matokeo yalipobandikwa, walikuja wote watatu, na nilijua kabla hawajakaa kwa sababu yule wa vipuri aliniamkia kwa mikono miwili, kama anayetoa rambirambi. Lakini utaratibu ni utaratibu. Nilifunga mlango. Mwenyekiti akasimama akasoma zake: amepita. Yule wa vipuri akasoma zake: amepita, alama nzuri kuliko alivyotegemea, na akazisoma kwa sauti ya chini kama mtu anayesoma hukumu. Kisha yule wa mashariki akasimama. Alikuwa na karatasi lakini hakuitazama.

"Nimekosa kwa alama tatu," akasema.

Nje mtu alikuwa anapiga mswaki kwenye bomba.

"Na swali la kwanza lilikuwa ile ile," akaendelea, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeshangaa, si ya mtu anayelia. "Betri mbili, moja imegeuzwa. Nikasema, asante Yesu, hii naijua kwa macho. Nikaifanya vile iko hapo." Akaonyesha mlango kwa kidevu.

Nilimtazama mwenyekiti nikitegemea atasema neno, maana yeye ndiye mwenye maneno. Alikuwa ameweka kichwa chake kirefu katikati ya mikono. Yule wa vipuri alikuwa anatazama sakafu. Nilidhani ni huzuni ya ndugu yao. Nilikwenda kuweka chai, na niliporudi mwenyekiti akasema, "Mzazi, leo hatutakunywa. Twende tuongee nje."

Walitoka. Sikuwasikia wakiongea. Jumapili iliyofuata hakuna aliyekuja, na ile nyingine pia.

Yule wa mashariki aliachishwa chuo. Undugu waliandika ombi, mwenyekiti akalipeleka mwenyewe kwa mkuu wa idara, na mkuu wa idara akasema anasikitika. Nadhani alisikitika kweli. Kijana hakurudi kwao. Alinipigia simu siku moja akauliza kwa aibu kama kiwandani wanachukua vibarua. Hawezi kwenda nyumbani, alisema. Kila akifikiria kuingia lile geti la miti na mama yake akitoka jikoni akipangusa mikono, miguu inakataa.

Nilikaa na simu mkononi. Nilijua ningempatia nafasi. Msimamizi wa zamu ananijua. Nilijua pia ninachompatia. Kitu nilichotaka mwanangu asikiguse, sasa nilikuwa nakwenda kumfungulia mwenzake mlango akiguse. Lakini angekula nini? Nilimwambia aje.

Wiki ya kwanza alibeba. Ya pili nikamwomba msimamizi amlete pale kwangu mashineni, nikamwonyesha namna ya kukunja mdomo wa gunia, kuulisha kwenye sindano, kuukata uzi bila kusimamisha mkanda. Ni kazi inayowashinda watu, kwa sababu mkono wa kushoto na wa kulia hufanya mambo tofauti. Yeye aliishika siku hiyo hiyo.

Saa ya chai huwa tunakaa nje kwenye mbao za kupangia mizigo, upande ambao upepo hauleti vumbi. Hapo ndipo alipouliza, bila kunitazama.

"Mzazi, ile hesabu bado iko mlangoni?"

"Iko."

"Hujafuta?"

"Nani afute?"

Akanywa chai. Nyusi zake zilikuwa zimeshakuwa nyeupe. "Kuna nyoka pale," akasema.

Nilimwuliza anasema nini.

"Ile betri ya pili imegeuzwa. Ukizunguka ukifika pale unatoa. Yeye amejumlisha. Mstari wa tatu. Ni nyoka, mzazi, ile ya kila Jumapili. Aliiweka halafu akasikia shingo inauma, tukaambiwa twende, tutamtafuta wiki ijayo."

"Na wenzako waliona?"

"Waliona ile siku ya kwanza tulirudi. Mwenyekiti aliniambia baada ya matokeo. Alilia, mzazi. Pale barabarani, watu wanapita, yeye na urefu wake wote."

"Sasa mbona hakusema?"

Hapo ndipo aliponitazama. "Angesema aje? Wewe uliketi pale na kikombe chako. Akisema nyoka, lazima azungushe nyekundu. Akizungusha, lazima afute. Hiyo ndiyo sheria. Nani angechukua kitambaa amfute mtoto wako ukiangalia?"

Mkanda ulikuwa unalia ndani, tupu, kama unavyolia wakati wa mapumziko.

"Wangekuambia huko chuoni," nikasema. "Mkiwa nyinyi peke yenu."

"Mwenyekiti alidhani nimeona. Huyu mwingine alidhani mwenyekiti ameshaniambia. Na hata hivyo, mzazi, kusema marehemu amekosea, hata mkiwa wawili, inakaa vibaya mdomoni."

"Hakukosea. Aliweka."

"Ndiyo. Aliweka." Akamwaga makapi ya chai chini. "Mimi nilijua mtindo wake kuliko wote. Lakini nilijiambia, hii ya mwisho hawezi kuwa ameweka. Hii ametuachia."

Kengele ikalia tukarudi ndani.

Nimejiuliza sana kama ningewaambia wafute. Ingekuwa rahisi kuandika hapa kwamba ningewaambia, kwamba masomo ya kijana aliye hai ni makubwa kuliko chaki ya aliyekufa. Ni kweli ni makubwa. Lakini ninavyojijua, ninavyokumbuka jinsi nilivyokuwa nikishika ukingo wa mlango, sijui. Vijana wale walinitazama usoni Jumapili baada ya Jumapili, na walichokiona usoni mwangu ndicho kilichowanyamazisha. Sidhani walikosea kukisoma.

Nilimwomba aje nyumbani Jumapili. Alikuja na mkate, kama zamani. Nilifunga mlango. Tukasimama mbele ya hesabu, mimi na yeye, na nilimwambia anionyeshe. Alinionyesha kwa kidole bila kugusa. Mchoro, mshale, betri iliyopinduka, halafu alama ya kujumlisha, ndogo kama mguu wa kuku. Nilikuwa nimeitazama kila jioni tangu nimzike. Nilikuwa nikiiona kama sehemu ya mwandiko wake.

Nilishusha kikopo cha chaki juu ya kabati nikampa kile kipande chekundu.

"Mzungushie," nikasema.

Mkono wake mkubwa ulizunguka polepole, duara likatoka zuri. "Nyoka," akasema, kwa sauti ndogo, na hakuna aliyecheka wala kumwambia anunue miwani. Kisha akanieleza lilivyokuwa kosa, taratibu, kama anaeleza mbele ya wenzake, na kwa jinsi alivyoeleza hata mimi wa darasa la nane niliona. Alieleza sawasawa. Kama mtihani ungekuwa siku hiyo, mbele ya mlango huo, angepita.

Nilitoa kitambaa kwenye msumari nikampa. Kilikuwa kimekauka, kimeshika umbo la msumari. Alikishika muda mrefu.

"Mzazi, siwezi."

"Sheria ni sheria. Aliyemwona ndiye anayefuta."

"Mimi sikumwona," akasema. "Nilionyeshwa."

Waliomwona hawaji tena. Mwenyekiti amemaliza chuo na anatafuta kazi, yule wa vipuri yuko dukani kwa babake, na fulana za Undugu nimeona watu wakizivaa kuoshea magari. Nilirudisha kitambaa msumarini. Tulikunywa chai na mkate, tukaongea habari za mvua upande wa kwao, kwamba mbaazi zimekauka. Alipotaka kwenda nilifungua mlango kwa kushika ukingo, na ubao ukalala ukutani pamoja na duara lake jekundu.

Kesho yake asubuhi nilimkuta tayari kwenye mashine, anashona. Msimamizi wa zamu alikuwa amesimama nyuma yake akimtazama mikono.

"Huyu wako," akaniambia, "unamwonyesha mara moja tu, anashika. Alikuwa anapoteza wakati wapi?"

Sikumwambia kwamba si wangu. Nilivaa kitambaa changu cha puani, nikachukua gunia lililofuata.